Maji ya Tumbaku

Paka alianza kulia kabla maji hayajamgusa. Apolinaria alikuwa amemviringisha kwenye kanga kuukuu, kichwa tu nje, amembana kwapani, na mkono wake mwingine ulikuwa unakoroga maji kwenye beseni. Maji yenyewe yalikuwa na rangi ya chai iliyosahauliwa jikoni. Aliloweka majani ya tumbaku tangu jana jioni, asubuhi akayakamua, akayachuja kwa kitambaa, akayanusa, akapiga chafya hadi machozi yakamtoka. Akaridhika. Kwa watu waliozeekea kwenye tumbaku kule Usinge, dawa ya wadudu isiyokutoa machozi ni maji ya kunywa tu.

"Nyamaza, Moshi," alimwambia. "Kesi umeileta mwenyewe. Leo tunaimaliza."

Walikuwa nyuma ya nyumba, Itetemia, pale ukuta unapokinga upepo. Jua lilikuwa limetoka lakini halijapata nguvu. Kuku walisimama mbali kidogo wakilitazama beseni kwa mashaka, maana walilifahamu. Kila utitiri ulipowazidi waliingizwa humo mmoja mmoja, wakatoka wamelowa na wamekasirika, na usiku huo wakalala kwa amani. Apolinaria alikuwa ameogesha kuku wengi maishani mwake. Aliwahi kuogesha mbuzi, na ndama wa jirani. Paka hakuwahi, wala hakuwahi kumwona mtu mwingine akimwogesha. Lakini alijiambia kwamba mdudu ni mdudu tu, awe juu ya kuku au juu ya paka.

Kesi ilikuwa hivi. Ndani, kwenye kitanda cha mbao kando ya dirisha, alilala mumewe, Emilian. Msimu uliopita kiharusi kilimwangusha mlangoni mwa bani la kukaushia tumbaku, akiwa ameshika ufito wenye majani yaliyokauka vizuri, na tangu siku hiyo upande wake wa kulia ukawa si wake tena. Maneno nayo yakaenda. Yakabaki macho, ambayo yalielewa kila kitu, na hilo ndilo lililomuumiza Apolinaria kuliko yote. Waliacha shamba Usinge wakaja kwenye nyumba hii ya vyumba viwili, waliyoijenga ili wazeekee karibu na mji. Hospitali walimfundisha kuuchua mkono wa mgonjwa kwa mafuta, asubuhi na jioni, na kuvikunja vidole kimoja kimoja. Aliuchua. Aliuchua mpaka viganja vyake mwenyewe vikalainika, vile viganja ambavyo gundi ya tumbaku ilivifanya vyeusi miaka yote ya ndoa yao. Mkono wa Emilian ulibaki umelala juu ya shuka, kiganja juu, kana kwamba unangoja mtu auwekee kitu.

Moshi ndiye aliyekuja kuuwekea. Mama yake alizalia chini ya kitanda, akagongwa na bodaboda kabla hajamaliza kunyonyesha, na watoto wakafa wote isipokuwa huyu mmoja wa rangi ya moshi. Siku moja alipanda kitandani kwa kucha zake, akazunguka zunguka, akakuta kiganja kilicho wazi, chenye joto, kisichomfukuza. Akajikunja humo akalala. Apolinaria alikuwa anasonga ugali. Alipoingia na sahani aliona vidole viwili vya mkono wa kulia, cha kati na cha pete, vikijikunja polepole juu ya mgongo wa yule paka. Aliweka sahani chini akapiga magoti. Alitaka kusali, akashindwa kukumbuka sala inaanzaje.

Tangu hapo paka akawa dawa, na dawa hiyo ikaja na viroboto. Mtu mwenye afya akiumwa na kiroboto hujikuna akasahau. Emilian aliweza kujikuna pale tu mkono wa kushoto ulipofika, na haukufika mbali. Mbavu za kulia zikajaa vipele vyekundu, mgongo ukafuata. Apolinaria alianika godoro, alichemsha mashuka, alimwagia sakafu ya udongo maji ya majivu. Viroboto vilikimbia kwa heshima, vikarudi jioni na paka.

Jumapili iliyopita alikuja wifi yake, Josepha, dada yake Emilian, kutoka Nzega. Josepha ni mwanamke asiyepiga kelele. Alimbusu kaka yake kwenye paji la uso, akamfunua shati ili ambadilishe, kisha akabaki ameshika pindo la shati.

"Wifi," alisema hatimaye, "kaka yangu analiwa akiwa hai."

"Ni viroboto vya paka, wifi. Lakini huyo paka ndiye anayemfanya achezeshe mkono. Nimeona kwa macho yangu."

"Umeona wewe. Mimi ninaona hivi vipele."

"Ukikaa mpaka jioni utaona na mkono."

Josepha hakukaa. Alisema atarudi Ijumaa na Valentino, na wakimkuta mgonjwa katika hali ile ile, wataondoka naye. Alilisema taratibu, kama mtu anayepanga siku ya kuvuna. Valentino ni mtoto wa Emilian kwa mke wa kwanza, marehemu. Apolinaria alimpokea akiwa anaanza shule, akampikia, akamshonea vifungo, na hadi leo anamwita mama mdogo. Ana nyumba Nzega yenye sakafu ya saruji. Hakuna mtu angeweza kumlaumu kwa kumtaka baba yake.

Na leo ilikuwa Ijumaa. Apolinaria aliipima kesi usiku kucha na kila alivyoigeuza ilikuwa na ncha. Akimtupa paka, mkono utalala tena na hatakuwa na cha kuwaonyesha. Akimwacha paka na viroboto vyake, vipele vitazungumza kabla yake. Ilibaki njia moja: paka awe safi, na awe kiganjani kwa Emilian, gari litakapofika. Kama wakimchukua, yeye atabaki na nyumba na kuku. Alimwogopa yule Valentino ambaye yeye mwenyewe alimshonea vifungo kuliko alivyowahi kuogopa ukame.

Akamfungua kanga, akamshika kwa ngozi ya shingo, akamzamisha.

Moshi alipiga ukelele mwembamba uliofanya kuku watawanyike. Alimkwaruza kiganja, akamkwaruza tena kwenye kifundo. Apolinaria hakumwachia. Alimsugua mgongo, tumbo, chini ya mkia, alimwagia kichwani kwa kikombe, na viroboto kweli vilianza kuelea juu ya maji, vimekunjana. Aliviona akacheka peke yake. "Mmekwisha," aliviambia. Manyoya yakashikamana na mwili, na ndipo alipoona jinsi paka mwenyewe alivyokuwa mdogo. Chini ya yale manyoya hakukuwa na kitu zaidi ya mifupa na macho.

Alimtoa akamweka juani kwenye gunia, kama alivyowaweka kuku, ajikaushe mwenyewe. Kuku hukung'uta mabawa. Paka hujilamba. Moshi alianza kujilamba bega, akalamba kwa bidii, akasita. Akalamba tena. Kisha mate yakaanza kumtoka, meupe, mazito, yakaning'inia kidevuni.

"Sasa nini?" Apolinaria alisema.

Paka alijaribu kusimama. Miguu ya nyuma ilimkataa, ikatanuka kila mmoja upande wake. Kichwa kilianza kutikisika, kitetemeko kidogo kidogo cha haraka, kikashuka shingoni, kikashika mwili mzima. Akatapika povu. Macho yalikuwa wazi na hayakumtazama mtu.

Apolinaria aliyajua yale mate. Hakuyajua kwa kuyaona. Aliyajua mdomoni mwake mwenyewe. Ilikuwa Usinge, mwaka wa mwanzo wa ndoa, asubuhi ya baada ya mvua kubwa, na waliingia shambani kuchuma majani mabichi kabla hayajakauka umande. Gauni lilimloa mpaka ndani. Jua lilipofika utosini alianza kutetemeka, mdomo ukajaa mate, miguu ikamkataa katikati ya matuta. Hali hiyo watu wa tumbaku huiita kulewa, na huwa wanacheka. Emilian hakucheka. Alimbeba hadi nyuma ya bani, akamvua kila kitu, akamwogesha kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya kipande, akayamwaga, akachota mengine, akamwogesha tena, mpaka harufu ilipotoka kwenye nywele. Hakumwambia pole wala hakumgombeza. Alimwogesha tu. Wakati huo alikuwa na mimba, na siku chache baadaye ilitoka, na haikuja nyingine. Hakuna aliyesema ni tumbaku. Hakuna aliyesema siyo.

Na yeye leo alikuwa amekaa chini, kwa mikono yake, akauloweka ule ule ugonjwa, akauchuja kwa kitambaa safi, akamnywesha paka kwa ngozi.

"Ummy!" Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka. "Ummy, una maji ya moto?"

Ummy ni jirani wa upande wa pili wa ua wa minyaa, mke wa fundi cherehani, na alikuwa na mtoto mchanga ambaye hajatimiza arobaini. Kichwa chake kilichomoza juu ya minyaa kikiwa na kitambaa cha kulalia.

"Shikamoo, mama. Ninayo ya kumwogeshea mtoto. Kuna nini?"

"Yalete. Lete na sabuni. Nimemuua paka."

Ummy alikuja na ndoo mkono mmoja, na mtoto mgongoni, na sabuni ya mtoto ndani ya kikopo chake. Alitazama beseni, akanusa, akamtazama paka akitetemeka kwenye gunia.

"Tumbaku? Mama, umempa tumbaku? Na tangu lini paka anaogeshwa? Paka si anajiogesha mwenyewe, tena kutwa mara kumi?"

"Ndiyo maana anakufa, anajilamba. Nisaidie, mwanangu, utanicheka baadaye."

Ummy aliacha maswali. Walimwaga maji ya tumbaku chini ya ukuta, wakasugua beseni kwa mchanga na sabuni, wakalisuuza. Ummy alikunja kitambaa akakitandika ndani ya beseni, chini. "Ili asiteleze. Akiteleza ataogopa, akiogopa atapigana, na hana nguvu za kupigana." Akachanganya maji ya moto na ya baridi. Apolinaria akachovya kidole.

"Kiwiko, mama. Kidole chako kimezoea moto, hakijui kitu."

Apolinaria aligeuza mkono akachovya kiwiko, kwa kusitasita, kama mtu anayejaribu kiatu cha mwenzake.

"Kwani hujawahi kuogesha mtoto mchanga?" Ummy aliuliza, akili yake ikiwa kwenye ndoo.

"Hapana."

Ummy alinyanyua uso. Aliona kilichokuwa usoni mwa Apolinaria, akaurudisha wake kwenye maji. "Basi shika hapa," alisema kwa sauti nyingine. "Mkono wa kushoto chini ya kifua. Usimshike shingo. Mwache akusimamie juu ya kiganja."

Maji yalimfika paka tumboni tu. Apolinaria alipaka sabuni kwanza kuzunguka shingo, kwa kuwa Ummy alisema viroboto vilivyobaki vitakimbilia kichwani, na vikikuta sabuni shingoni vitarudi. Kisha mgongo, kisha tumbo, kisha kila mguu peke yake, katikati ya vidole, mle ambamo maji ya kahawia yalijificha. Kichwani hakumwagia tena. Alilowesha pembe ya kitambaa, akamfuta macho, akamfuta mdomo, akamfuta ndani ya mdomo, akamfuta nyuma ya masikio bila kuruhusu tone kuingia. Maji yakawa ya njano. Wakayamwaga. Wakachanganya mengine, akapima kwa kiwiko bila kuambiwa. Yakawa ya njano kidogo. Wakayamwaga. Mara ya mwisho yalibaki meupe na povu la sabuni, na harufu iliyopanda ilikuwa ya mtoto wa Ummy.

Muda wote huo Moshi hakulia. Hilo ndilo lililomtisha Apolinaria. Kilio cha mwanzo, kile cha kukwaruza, alikitamani sasa.

Walimfunga kwenye kanga kavu, wakambonyeza bonyeza bila kumsugua, wakaibadilisha kanga. Ummy aliwasha jiko la mkaa akaliweka si karibu wala mbali. Alipita nyumbani akarudi na kitana chembamba cha chawa, na Apolinaria akaanza kumchana, kuanzia shingoni, akizamisha kitana kwenye kikombe cha maji ya sabuni kila kilipotoka na kiroboto. Kitetemeko kilipungua. Mate yakakauka. Macho yalifunga, yakafunguka, yakafunga.

"Anapumua," Ummy alisema. "Mwache alale, mama. Ukimwamsha kila saa kumwangalia utamchosha."

"Wanakuja leo, Ummy."

"Najua wanakuja leo."

Mtoto wa Ummy akaanza kulia, naye akaenda. Apolinaria alimtia paka kifuani ndani ya gauni, ngozi kwa ngozi, akaingia ndani. Emilian alikuwa macho. Alipokaribia kitanda aliona pua ya mumewe ikipanuka. Sabuni ya mtoto ingeweza kumdanganya mwingine, si yeye. Emilian alijua tumbaku ilipo hata ikiwa imefungiwa kwenye sanduku. Alimtazama mkewe mikono, akaona mikwaruzo, akamtazama kifuani palipotuna, akamtazama usoni, na macho yake yakakaa hapo.

"Nimekosea, baba," Apolinaria alisema. Akakaa kwenye ukingo wa kitanda. "Nimemwogesha kama kuku. Kisha nimemwogesha kama ulivyoniogesha mimi."

Emilian alifumba macho. Jicho la kushoto lilitoa chozi, la kulia likabaki kavu. Apolinaria alimfuta kwa pembe ya kanga. Alitaka kulia na yeye, ila alihofia kifua kitatikisika na paka ataamka.

Gari lilifika wakati huo huo.

Valentino aliingia ameinama, maana mlango ulikuwa mfupi kwake. "Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, baba. Karibuni. Mmesafiri salama?"

"Salama. Barabara nzuri siku hizi."

Josepha aliingia nyuma yake na mto mpya na shuka mpya ndani ya mfuko. Alisalimia vizuri, aliulizia kuku, aliulizia mvua. Kisha akamwinamia kaka yake akamfunua shati. Vipele vilikuwa pale pale. Vingine vilikuwa vya juzi, vimeanza kukauka. Viwili vitatu vilikuwa vya alfajiri, vibichi. Valentino aliviona. Aliuma mdomo kama alivyokuwa akiuuma utotoni alipozuia kulia, na Apolinaria alimwonea huruma, na alijua kwamba huruma hiyo itamponza.

"Shangazi amesema kuna paka," Valentino alisema. "Na kwamba baba anachezesha mkono."

"Anachezesha. Subirini mpaka jioni. Paka nimemwogesha leo, amechoka, hana viroboto tena. Niliwahi kukudanganya?"

"Hujawahi, mama mdogo. Nionyeshe sasa."

Basi akamtoa. Paka alikuwa mkavu, laini, manyoya yamesimama mepesi, safi kuliko siku yoyote tangu azaliwe, na kichwa kilikuwa kinalegea upande. Alimweka kwenye kiganja cha kulia cha Emilian. Alimweka vizuri, mgongo chini ya vile vidole viwili. Wote wanne wakautazama ule mkono, Emilian naye akiutazama. Mishipa ya shingo ya Emilian ilisimama. Mtu yeyote angeona kwamba anausukuma, kwamba anausukuma kwa nguvu zake zote kutoka mahali mbali sana. Paka hakujisogeza. Hakukoroma. Kiganja kilibaki wazi.

Nje jogoo aliwika bila sababu.

"Huyo paka ni mgonjwa," Josepha alisema kwa upole. "Wifi, umechoka. Mwaka mzima umemgeuza peke yako. Tuachie na sisi."

"Msimchukue." Apolinaria alisikia neno limetoka bila kupambwa. "Valentino, usimchukue baba yako. Nitatoa kitanda nje, nitalala naye nje, nitapaka sakafu upya. Usimchukue."

Valentino alitazama sakafu. "Kule hospitali iko karibu. Kuna maji ndani. Akipata nafuu nitamrudisha mwenyewe."

"Na mimi?"

Josepha alianza kukunja mashuka. "Nyumba haiwezi kuachwa," alisema. "Na kuku. Tutakuwa tunakupigia simu."

Emilian alibebwa na Valentino na mume wa Ummy, aliyeitwa kutoka kwenye cherehani yake akiwa na sindano imechomekwa kwenye kola. Apolinaria alishika kichwa cha Emilian kisigonge mwimo wa mlango. Zamani watu wa nchi hii walivuka pori lote hili na mizigo mabegani hadi baharini, wakirudi mabega yameota sugu. Yeye mzigo wake ulikuwa unaondolewa mikononi, na hakujua aiweke wapi mikono. Wakamlaza kiti cha nyuma, mto mpya chini ya kichwa. Josepha akakaa pembeni yake. Mkono wa kulia ukawekwa juu ya tumbo lake, ukateleza, ukabaki kitini, kiganja juu.

Apolinaria alirudi ndani mbio. Paka alikuwa pale alipoachwa, kwenye bonde la godoro. Alimnyanyua, na paka akafungua mdomo akalia, sauti ndogo yenye hasira ndani yake. Ilikuwa sauti nzuri kuliko zote alizosikia siku hiyo.

Alisimama na paka mkononi. Kwa muda mfupi alifikiri atabaki naye. Angekuwa na kitu cha kukipasulia samaki, cha kuzungumza nacho. Alifikiri hivyo akitembea, na alipofika garini alikuwa ameshanyoosha mkono dirishani.

"Wifi, hapana," Josepha alisema.

"Hana kiroboto hata kimoja. Mchambue."

Akamweka kwenye kile kiganja kitini. Moshi alinusa kidole gumba, akageuka geuka kwa miguu isiyo na nguvu, akajikunja. Na mkono ukafanya ulichokuwa ukifanya siku zote. Kidole cha kati kilianza. Cha pete kikafuata. Vikashuka polepole juu ya yale manyoya safi, vikatulia.

Josepha aliziba mdomo kwa kanga. Valentino alikuwa amegeuka kwenye usukani, mkono juu ya kiti, na aliona. Apolinaria alimwona akiona. Injini ilikuwa inanguruma. Valentino alitazama mlango mfupi wa nyumba, akatazama sakafu ya udongo iliyoonekana ndani yake, akatazama mkono wa baba yake. Midomo yake ilianza neno.

"Jua linakwenda, baba," Josepha alimwambia, chini kwa chini. "Tumeshamlaza."

Valentino akageukia mbele.

"Akiingiwa na viroboto tena," Apolinaria alisema haraka, ameshika dirisha, "maji ya vuguvugu. Pima kwa kiwiko, siyo kidole. Tandika kitambaa chini asiteleze. Sabuni ya mtoto, anza shingoni. Kichwa usimwagie, mfute tu. Umkaushe kabisa kabla hujampa baba. Kabisa, Valentino. Na usimwekee tumbaku. Mtu akikuambia tumbaku, mkatalie."

"Sawa, mama mdogo."

"Rudia."

"Kiwiko," Valentino alisema. "Kitambaa. Sabuni ya mtoto. Shingoni kwanza."

Emilian alikuwa akimtazama mkewe. Alimtazama mpaka gari lilipogeuka kwenye mti wa mkuyu na kushika barabara ya Nzega, na kioo cha nyuma kikajaa anga.

Ummy alikuja akasimama karibu naye, akampa mtoto amshike. Apolinaria alimshika kidogo akamrudisha. Kisha akaenda nyuma ya nyumba. Pale ukutani, maji ya tumbaku yalipomwagwa, udongo ulikuwa umegeuka mweusi na kuku mmoja alikuwa anaparua. Alimfukuza, akachukua jembe, akafukia. Akasuuza beseni, akaliegemeza juani. Akaosha kikombe cha viroboto. Alichelewesha kila kazi kwa makusudi, na bado kazi zikaisha.

Ndani, kitanda kilikuwa kimebaki na godoro tupu, na bonde la mwili katikati yake. Apolinaria alikaa, kisha akajilaza humo, upande wake wa kulia, mkono wake wa kulia pale ulipokuwa wa Emilian, kiganja juu. Mikwaruzo ilikuwa inawasha kwa sabuni. Alikaa hivyo kwa muda mrefu, bila kusali, akisikiliza cherehani ya jirani ikianza na kusimama.

Kitu kikatembea kwenye kifundo cha mkono wake. Alikiona: kimoja, cheusi, kilichosalia kwenye mshono wa godoro. Kilisimama juu ya mshipa, kikajitafutia mahali, kikauma. Mkono wa kushoto ulinyanyuka wenyewe kukipiga. Aliushusha, akakiacha kinywe.